Jinsi ya Kutengeneza Njia ya Umeme Inayovutika kwa Mikunjo ya Dhahabu juu ya Mpira

Utando mwembamba wa dhahabu usioshikizwa juu ya kitu chochote hukatika ukivutwa kwa asilimia moja au mbili tu ya urefu wake, na silikoni ya transista hupasuka ikikaribia asilimia moja. Ngozi ya kiwiko, kwa upande mwingine, hufikia asilimia 30 hivi mkono unapokunjwa. Kwa hiyo anayetaka kubandika kipima mapigo au kipima joto juu ya ngozi hawezi kutegemea kwamba chuma chenyewe kitavutika. Njia iliyozaa matunda ni kuukunja utando kwanza kwa mawimbi madogo sana juu ya mpira, ili mpira unapovutwa mawimbi yafunguke na utando wenyewe usipate shida, kama sketi ya marinda inavyopanuka bila uzi wa kitambaa kurefuka.

Mwaka 1998 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, miongoni mwao Ned Bowden na George Whitesides, walionyesha kwamba dhahabu yenye unene wa nanomita 50 iliyowekwa juu ya mpira uliopashwa moto hujikunja yenyewe kwa mpangilio mpira unapopoa. Mwaka 2006 kundi la John Rogers na Yonggang Huang katika Chuo Kikuu cha Illinois lilitumia wazo hilo kwa silikoni ya fuwele moja, safari hii kwa kuuvuta mpira kabla ya kubandika na kuuachia baadaye. Mwongozo huu unafuata njia hiyo ya pili, kwa sababu inampa mtengenezaji uwezo wa kuamua mwenyewe njia yake ya umeme itavutika kiasi gani. Unamfaa mwanafunzi au fundi wa maabara mwenye mashine ya kuvukiza metali ndani ya ombwe, au anayeweza kuazima muda kwenye mashine ya wengine.

Hesabu kabla ya kugusa mpira

Vipimo vitatu huamua kila kitu: unene wa utando (h), ugumu wa utando ukilinganishwa na ugumu wa mpira, na mnyoosho wa awali, yaani asilimia ambayo mpira umevutwa kabla ya kuwekewa dhahabu. Urefu wa wimbi, kutoka kilele hadi kilele, ni

λ = 2πh × (Eu / 3Em)^(1/3)

ambapo Eu ni moduli ya Young (kipimo cha ugumu) ya utando na Em ni ya mpira, kila moja ikiwa imegawanywa kwa (1 − ν²), na ν ni uwiano wa Poisson, yaani kiasi ambacho kitu hupungua upana kikivutwa. Kiwango cha mbano ambacho mikunjo huanza kutokea ni

εc = ¼ × (3Em / Eu)^(2/3)

na kimo cha wimbi, kutoka katikati hadi kileleni, ni A = h × √(ε/εc − 1), ambapo ε ni mnyoosho wa awali.

Tuchukue dhahabu yenye moduli ya gigapaskali 79 na ν ya 0.42, juu ya mpira wa PDMS (polidimethilisiloksani) wenye megapaskali 2 na ν ya 0.5. Baada ya kugawanya kwa (1 − ν²) tunapata gigapaskali 95.9 kwa dhahabu na megapaskali 2.67 kwa mpira. Kwa utando wa nanomita 50, urefu wa wimbi ni maikromita 7.2 hivi na εc ni karibu asilimia 0.05. Tukitumia mnyoosho wa awali wa asilimia 5, kimo cha wimbi ni nusu maikromita.

Hesabu ya nne ndiyo wengi huiruka, na ndiyo inayoonya mapema kama kazi itavunjika. Mvutano mkubwa zaidi ndani ya dhahabu, unaotokea kwenye vilele na mabonde, ni takriban 2 × √(ε × εc). Kwa asilimia 5 tunapata asilimia 1 hivi. Kwa asilimia 10 tunapata 1.4. Ina maana kwamba mpira umevutwa mara tano hadi saba zaidi ya mateso ambayo dhahabu itayapata ikiwa imekunjwa. Lakini ina maana pia kwamba asilimia 10 tayari iko katika eneo ambalo nyufa ndogo zinaweza kuanza. Anayeanza aanze na asilimia 5. Kwa mnyoosho mkubwa sana, wa makumi ya asilimia, mawimbi halisi huwa mafupi kuliko fomula inavyosema, kwa kuwa fomula hizi zilitengenezwa kwa mabadiliko madogo.

Kumimina mpira

PDMS huuzwa kwa sehemu mbili, mpira mzito na kigandishi. Pima gramu 10 za mpira kwa gramu 1 ya kigandishi kwenye mizani, si kwa macho wala kwa ujazo wa sindano, kwa sababu uwiano ukibadilika ugumu hubadilika na hesabu zote za juu hupotea. Koroga kwa dakika kadhaa ukikwangua pembe za kikombe. Mchanganyiko utajaa mapovu. Uweke ndani ya chombo cha ombwe kwa nusu saa hivi, ukiachia hewa iingie kila povu linapopanda hadi mdomoni mwa kikombe. Katika chumba chenye joto, kama vilivyo vyumba vingi vya pwani, mchanganyiko huanza kunata mapema, hivyo usiuandae asubuhi ukitarajia kuumimina jioni.

Mimina gramu 6 hadi 7 ndani ya sahani ya petri ya milimita 90 iliyowekwa sawasawa kwa pimamaji, upate unene wa karibu milimita moja. Ganda kwenye oveni ya nyuzi 70 za Selsiasi kwa saa mbili, na usibadilishe joto hilo kati ya kundi moja na jingine, kwani mpira uliopikwa kwa joto la juu zaidi huwa mgumu zaidi. Usivae glavu za mpira wa asili wakati wote huu. Salfa iliyomo ndani yake hukizuia kigandishi kufanya kazi, na matokeo yake ni mpira ambao uso wake unabaki kunata hata baada ya siku nzima ndani ya oveni. Glavu za nitraili zinafaa zaidi, ingawa nazo ziwe safi.

Kuunyoosha: umbo la kipande lina maana

Ukate mpira kwa wembe mpya upate kipande chenye upana wa milimita 60 na urefu wa kutosha kushikwa na vibanio viwili, ili sehemu iliyo huru kati ya vibanio iwe milimita 20 tu. Umbo hili pana na fupi linaweza kuonekana la ajabu, kwani mtu angetarajia utepe mrefu mwembamba, na kwa kweli maabara nyingi hutumia utepe kwa mazoea. Tatizo la utepe ni kwamba ukivutwa hupungua upana. Ukivutwa kwa asilimia 20, upana hupungua kwa karibu asilimia 9. Ukiuachia baadaye, upana hurudi, na dhahabu iliyokwisha kuwekwa hulazimika kutanuka kando kwa zaidi ya asilimia 9, jambo isiloliweza. Hupasuka kwa mistari mirefu inayofuata mwelekeo wa kuvuta, ikikatiza mikunjo kwa pembe mraba. Ukiiona mistari hiyo chini ya hadubini usilaumu mashine ya kuvukiza. Njia ya umeme inaweza kuendelea kupitisha mkondo, maana nyufa zimelala sambamba na mkondo, lakini utando umegawanyika kuwa vipande vyembamba ambavyo havitadumu. Kipande kipana kilichoshikwa kwa upana wake wote hakiwezi kupungua upande, na katikati yake tatizo hilo linakuwa dogo sana.

Kibanio kinaweza kutengenezwa na fundi yeyote wa karakana: vipande viwili vya alumini vinavyoteleza juu ya nguzo mbili, na bolti ya M4 inayovisukuma. Mzunguko mmoja wa bolti ya M4 ni milimita 0.7. Ili kupata asilimia 5 ya milimita 20, unahitaji kusogeza milimita 1, yaani mzunguko mmoja na nusu kasoro kidogo. Hata hivyo usiamini bolti. Mpira huteleza ndani ya vibanio, na vibanio vikikazwa sana huusukuma mpira utokeze nje na kulegea kabla hata hujaanza kuvuta. Chora mistari miwili kwa kalamu nyembamba ya wino juu ya mpira wenyewe, ikiwa imeachana kwa milimita 15, mbali na mahali dhahabu itakapokaa, na upime umbali kati ya mistari hiyo kwa kalipa. Ikifika milimita 15.75, umepata asilimia 5. Subiri dakika kumi na upime tena.

Kuweka dhahabu

Funika mpira kwa kiolezo cha karatasi nyembamba ya plastiki kilichokatwa dirisha la upana wa milimita 2 na urefu wa milimita 15 kuelekea upande wa kuvuta, chenye miraba midogo ya miunganisho kwenye ncha zote mbili. Fremu nzima, pamoja na vibanio vyake, iingie ndani ya mashine ya ombwe. Kwa hiyo hakikisha mapema kwamba inaingia, na kwamba bolti zake hazina grisi ambayo itachafua ombwe.

Weka kwanza nanomita 5 za kromi au titani, kisha nanomita 50 za dhahabu, bila kufungua mashine katikati. Dhahabu peke yake haishiki vizuri juu ya PDMS, na tabaka la kwanza ndilo gundi. Umeme ukikatika baada ya kromi na kabla ya dhahabu, usijaribu kuendelea ulipoachia ombwe likishavuja: kromi hupata oksidi upesi ikikutana na hewa, na dhahabu itakayofuata itachunika kama ngozi ya kitunguu siku utakapoivuta. Anza na kipande kipya.

Joto ndilo adui wa hatua hii. PDMS hutanuka kwa karibu sehemu 310 kwa milioni kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Ikiwa chanzo cha metali kitaupasha mpira kwa nyuzi 20 tu, uso utatanuka kwa asilimia 0.6, na ukipoa utabana utando kwa kiasi hicho hicho, zaidi ya mara kumi ya kile kinachohitajika kuanzisha mikunjo. Hapo utatoa sampuli ikiwa tayari imejaa mikunjo isiyo na mwelekeo, inayozunguka ovyo, kabla hujaachia hata nusu mzunguko wa bolti. Weka sampuli mbali na chanzo kadiri mashine inavyoruhusu, vukiza polepole, na ukiweza fanya kwa awamu zenye mapumziko.

Usiutie mpira plazima ya oksijeni kwa nia njema ya kuongeza mshiko. Plazima hugeuza uso wa PDMS kuwa tabaka jembamba gumu linalofanana na kioo, nalo litajikunja kwa mawimbi yake yenyewe utakapouachia mpira, na utabaki na mifumo miwili ya mikunjo usiyoweza kuitenganisha.

Kuachia

Acha sampuli ipoe kabisa hadi joto la chumba. Legeza bolti kwa robo mzunguko, subiri kidogo, kisha robo nyingine. Ukiwa na taa ya mezani pembeni, utaona uso wa dhahabu ukipoteza mng'ao wake wa kioo na kuanza kutoa rangi za upinde wa mvua zinazohama unapoinamisha fremu. Rangi hizo zikitokea kwa usawa katika dirisha zima, mikunjo imekaa vizuri. Zikitokea kwa madoa, kuna mahali utando umeachana na mpira au mpira haukunyooshwa sawasawa. Kuachia kwa ghafla, kwa kufungua kibanio kimoja, ni kosa lisilorekebishika: upande mmoja hujikunja kabla ya mwingine na utando hunyanyuka kwa mistari mikubwa inayoonekana kwa macho.

Urefu wa wimbi unaweza kupimwa bila hadubini ya gharama. Elekeza leza nyekundu ya nanomita 650 kwenye dhahabu, kupitia tundu dogo kwenye karatasi nyeupe iliyosimamishwa mita 1 mbele ya sampuli, ili mwanga urudi kwenye karatasi hiyo hiyo. Pembeni mwa doa la kati patatokea madoa mengine kila upande. Kwa wimbi la maikromita 7.2, doa la kwanza litakuwa sentimita 9 hivi kutoka la kati. Likiwa sentimita 7, wimbi ni karibu maikromita 9.3, na sababu za kuangalia kwanza ni utando mnene kuliko ulivyokusudia au mpira laini kuliko ulivyodhani. Usiangalie kamwe mwanga wa leza unaorudi, na mwenzako asisimame upande wa karatasi.

Kupima umeme

Kwa dhahabu ya kawaida isiyo utando, njia ya milimita 15 kwa 2 kwa unene wa nanomita 50 ingekuwa na ukinzani wa ohm 3.3. Utando mwembamba huwa na ukinzani mkubwa zaidi ya huo, kwa sababu elektroni hugonga nyuso na mipaka ya chembe za dhahabu. Hata hivyo bado tunazungumzia ohm chache, na nyaya za maltimita ya kawaida zinaweza kuongeza nusu ohm au zaidi. Tumia njia ya nyaya nne, mbili zikipitisha mkondo na mbili zikipima volteji, la sivyo utakuwa unapima nyaya zako.

Miunganisho ndipo vifaa vingi vya aina hii hufia. Bandika kipande kidogo cha plastiki ngumu nyuma ya mpira, chini ya kila mraba wa dhahabu, ili sehemu hiyo isivutike, na ushikize waya mwembamba wa shaba kwa gundi ya mpira yenye chembe za fedha. Gundi ya fedha inayokauka ikawa ngumu itavunja dhahabu kwenye ukingo wake mara chache tu baada ya kuanza kuvuta.

Sasa vuta kwa hatua za asilimia 1 ukiandika ukinzani kila mara. Hadi karibu asilimia 5 ukinzani unapaswa kubadilika kidogo tu, kwa sababu mawimbi yanafunguka. Ukiipita asilimia ya mnyoosho wa awali, dhahabu imekwisha kulala bapa na inaanza kuvutwa yenyewe. Ukinzani hupanda kwa kasi na nyufa ndogo huzaliwa. Dhahabu iliyoshikwa vizuri na mpira haikatiki mara moja hapo, kwa kuwa mpira husambaza mvutano katika nyufa nyingi ndogo zisizoungana, lakini usihesabu ziada hiyo kama sehemu ya uwezo wa kifaa chako. Rudia kuvuta na kuachia mara mia kadhaa kabla ya kumwambia mtu yeyote kwamba kifaa kinafanya kazi.

Mawimbi yasipotosha: vidaraja

Kwa mtu anayehitaji zaidi ya asilimia 20, mawimbi yaliyoshikamana na mpira mwanzo hadi mwisho hayafai, hasa kwa silikoni. Silikoni ya nanomita 100 iliyokunjwa kwa mnyoosho wa asilimia 20 ingepata mvutano wa karibu asilimia 1.7, na ingepasuka. Mwaka huo huo wa 2006 kundi la Illinois lilichapisha suluhisho lake: kuushikiza utando kwenye mistari michache tu na kuuacha huru kati yake. Mpira ulionyooshwa hufunikwa kwa kiolezo na kumulikwa kwa mwanga wa urujuanimno pamoja na ozoni, hivyo mistari iliyo wazi peke yake hupata uwezo wa kuungana kikemia na oksidi iliyo juu ya utepe wa silikoni. Tepe zikibandikwa na mpira ukaachiwa, sehemu zisizoshikwa hunyanyuka na kuwa vidaraja.

Tuseme umbali kati ya mistari ni maikromita 300 na mnyoosho wa awali ni asilimia 20, na mistari yenyewe ni myembamba. Kidaraja kitabanwa hadi maikromita 250 na kitanyanyuka kwa karibu maikromita 71. Mvutano mkubwa ndani ya silikoni ya nanomita 100 utakuwa takriban asilimia 0.11, chini ya moja ya kumi ya ule wa mawimbi. Kumbuka kwamba hapa mvutano unaongezeka moja kwa moja na unene: utepe mnene mara kumi hupata mvutano mara kumi, na faida yote hutoweka.

Wasio na silikoni nyembamba wanaweza kujifunzia kwa filamu ya plastiki ya PET ya maikromita 1.4, ambayo watafiti wa Linz na Tokyo, akiwamo Martin Kaltenbrunner, waliitumia mwaka 2012 kwa seli za jua zilizobandikwa juu ya mpira ulionyooshwa na kukunjwa kwa kuuachia. Faida yake ni kwamba dhahabu huwekwa kwenye filamu ikiwa bapa juu ya kioo, bila mpira kuingia ndani ya ombwe kabisa, na kubandika hufanywa mezani.

Vidaraja havina kinga dhidi ya kidole. Vifunike kwa mpira laini zaidi kuliko wa chini, na uumimine ukiwa kimiminika huku sampuli ikiwa imeachiwa, kisha uuweke ndani ya ombwe kwa dakika chache ili hewa iliyo chini ya vidaraja itoke na mpira ujaze nafasi hiyo. Povu likibaki chini ya kidaraja kimoja, hicho ndicho kitakachopinda kupita kiasi kifaa kikivutwa. Baada ya kufunika, pima ukinzani na mnyoosho upya tangu mwanzo, kwa sababu vidaraja vilivyozungukwa na mpira havifunguki kwa uhuru vilivyokuwa navyo hewani.